Jumanne: Msomaji Aliyekubali Kuulizwa

Soma Matendo 17:11 na 1 Petro 3:15. Watu wa Beroya walifanya nini baada ya kumsikia Paulo? Petro anatutaka tuwajibu kwa roho gani wale wanaotuuliza?

Katika karne ya 18, wasomi wengi wa Ulaya walifundisha kwamba akili ya mwanadamu inatosha kupima kila jambo, Biblia ikiwemo. Mwaka 1748 David Hume alidai kwamba hakuna ushuhuda wa watu unaotosha kutufanya tuamini muujiza. Mwaka 1794 Thomas Paine alianza kuchapisha The Age of Reason, akikana kwamba Biblia ni Neno la Mungu. Paine na Wadeisti wenzake walikubali kwamba Mungu yupo, lakini kama fundi wa saa: aliiumba dunia, akaitia ufunguo, akaiacha ijiendee.

William Miller, mkulima wa Marekani aliyelelewa katika nyumba ya Kikristo, alisoma vitabu vya namna hiyo akawa Mdeisti. Mwezi Septemba 1814, akiwa kapteni katika vita ya Plattsburgh, aliona jeshi dogo la kwao likiwashinda Waingereza waliokuwa wengi zaidi. Je, kweli Mungu haingilii mambo ya wanadamu? Tena, mbele ya kaburi imani yake haikumpa tumaini lolote. Mwaka 1816 alimpokea Kristo.

Ndipo rafiki zake Wadeisti wakamjia na maswali yale yale ambayo zamani yalikuwa yake: Umejuaje kwamba Biblia ni ya kweli? Mbona inajipinga? Miller hakuwafukuza. Alichukua Biblia na Itifaki ya Cruden, akaanza na kitabu cha Mwanzo, fungu kwa fungu, akilinganisha andiko kwa andiko. Kazi hiyo ilimchukua kama miaka miwili.

Tusifiche jambo moja. Msomaji huyu makini alikosea: Kristo hakurudi mwaka 1844 kama alivyotarajia, na wenye dhihaka wakacheka. Lakini kosa lilikuwa la msomaji, si la Neno. Baadhi ya waliovunjika moyo waliifungua Biblia upya, wakakubali kusahihishwa nayo. Kuchunguza bila unyenyekevu hakutoshi.

Leo kijana akirudi kutoka chuoni na kuuliza kuhusu miujiza, mara nyingi huambiwa, "Usiulize hivyo, utakufuru." Aliyenyamazishwa hajajibiwa, swali lake atalipeleka kwingine, na huenda asirudi. Imani iliyo juu ya Neno la Mungu haina sababu ya kuogopa swali la kweli.

Je, yuko mtu katika nyumba au kanisa lako ambaye swali lake ulilikatisha? Utamwendeaje wiki hii, na ni mafungu gani mtakayoyasoma pamoja?