SOMO LA 14: MASHINE YA KURA HUKAGULIWAJE?

Ndugu mwanakisomo, mizani ya chama cha ushirika unaijua. Ikiharibiwa kwa ndani, itakupunja pamba yako, hata kama nje inang'aa. Kwa hiyo mkulima mwerevu hapimi pamba kwanza. Hupima jiwe ambalo uzito wake unajulikana.

Katika nchi kama Marekani na India, watu wengi hupiga kura kwa mashine. Ndani ya mashine mna programu, yaani maagizo yanayoiambia mashine la kufanya. Programu haionekani kwa macho. Mtu akiibadili, kura yako yaweza kuhesabiwa kwa mwingine.

Mwaka 2006 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, yaani Feldman, Halderman na Felten, waliikagua mashine iitwayo AccuVote-TS. Waliona kwamba dakika moja ilitosha kuifungua na kutia kadi yenye programu ya wizi. Programu hiyo ilihamisha kura, ikabadili kumbukumbu zote za mashine ili hesabu zilingane. Tena iliweza kujifuta yenyewe. Mkaguzi wa baadaye asingeona kitu. Mashine ile haikutoa karatasi ya kusomwa na mpiga kura.

Je, wakaguzi hufanya nini?

1. Huangalia lakiri na namba zake. Lakiri ikikatika, mashine huwekwa kando.
2. Hulinganisha programu iliyomo na ile iliyokubaliwa. Kila programu ina alama yake, kama alama ya kidole gumba. Herufi moja ikibadilishwa, alama hazifanani.
3. Hupiga kura za majaribio ambazo jumla yake inajulikana.
4. Huhesabu karatasi za kura kwa mkono, wakalinganisha na hesabu ya mashine.

Hatua ya nne ndiyo kubwa. Programu ya wizi yaweza kutulia siku ya majaribio, ikaiba siku ya uchaguzi. Lakini haiwezi kufuta karatasi iliyokwisha kutiwa sandukuni. Novemba 2020, katika jimbo la Georgia, Marekani, karatasi za kura ya urais zipatazo milioni 5 zilihesabiwa kwa mkono. Tofauti ilikuwa ndogo, na mshindi alikuwa yule yule. Bila karatasi, ubishi ule ungejibiwa kwa nini?

Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua kwamba raia asiye mtaalamu lazima aweze kuzikagua hatua muhimu za uchaguzi. Basi kukagua kura si kazi ya wataalamu peke yao. Anayejua kusoma jina na kuhesabu karatasi anaweza kukagua.

MANENO MAPYA
Lakiri: kifungio chenye alama, kikifunguliwa hukatika.
Kukagua: kuangalia kwa makini ili kujua ukweli.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini kura za majaribio peke yake hazitoshi?
2. Mashine ya Princeton ilikosa kitu gani?
3. Katika kijiji chenu, ni hesabu gani ambazo kila mtu angepaswa kuweza kuzikagua?