Ada ya Jirani na Daftari Lake



Somo letu la mara hii halihusu mikarafuu yenyewe. Lahusu majirani wanaotunza kitu kimoja kwa fedha zao. Kitu hicho chaweza kuwa kisima, njia ya gari inayoingia mashambani, mtaro wa maji ya mvua, au mlinzi wa usiku. Mwanzo wake sote twaujua. Watu hukutana, hukubaliana, huchagua mwenyekiti, katibu na mshika fedha, na mwezi wa kwanza kila nyumba hutoa. Mwezi wa sita hutoa nusu yao. Mwaka ukiisha mlinzi amekwenda zake, mtaro umejaa mchanga, na majirani wawili waliokuwa wakipeana chumvi hawaamkiani tena.

Yatupasa kuuliza kwa nini mambo huenda hivyo. Wengine husema ni umasikini, wengine husema ni ubakhili. Hayo yapo, lakini aghlabu watu huacha kulipa kwa sababu hawakuonyeshwa fedha zao zilikokwenda. Hilo ndilo jambo tunalotaka kulifundisha hapa, na mifano yetu tutaitoa mbali kidogo.

Kwa nini Njombe na Makambako?

Tunavuka bahari mpaka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania Bara. Mji wa Njombe uko juu sana, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ya mwezi wa Juni na Julai haiufai mkarafuu hata kidogo. Watu wake hulima chai, viazi mviringo, mahindi, na siku hizi maparachichi. Makambako iko kaskazini yake, penye njia panda: barabara ya Iringa na Mbeya hukutana hapo na barabara ya Songea, na reli ya TAZARA, iliyomalizika kujengwa mwaka 1975, hupita hapo hapo. Nchi hii yote ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa mpaka mwaka 2012, ulipoundwa Mkoa wa Njombe.

Tumeichagua kwa sababu ya maji. Huko milimani kuna vijito vingi, na maji yake yaweza kushushwa kwa mabomba mpaka vijijini bila ya mashine. Wenyewe huyaita maji ya mserereko. Mradi mkubwa wa Wanging'ombe, uliojengwa kwa msaada wa UNICEF, uliyapeleka maji namna hiyo mpaka kwenye vijiji vingi vya bondeni vilivyokuwa na shida. Na mfereji, ambao wao huuita kilula, ni kitu cha majirani hasa: nyumba nyingi, koki moja.

Maji ya bure na mwisho wake

Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila mwananchi wa shamba apate maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Maji hayo yalikuwa ya bure. Nia ilikuwa njema, na kazi kubwa ilifanyika. Lakini bomba likipasuka ilingojewa gari ya Serikali, na gari ilikosa mafuta au vipuri. Basi katika siasa ya maji ya mwaka 1991, na zaidi katika ile ya 2002, ilikubaliwa kwamba watumiaji wenyewe wachangie na wasimamie. Zikaundwa kamati za maji za vijiji, na kila kijiji kikatakiwa kiwe na mfuko wake wa maji.

Je, kuanzisha mfuko kulitosha? Hakukutosha. Vituo vya maji vya vijijini vilipohesabiwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilionekana kwamba takriban vinne katika kila kumi havitoi maji. Kwa hiyo sheria mpya ilitungwa mwaka 2019. Sheria hiyo ilileta wakala wa maji vijijini, RUWASA, na ikavitaka vyombo vya maji vya jamii viwe na watu wanaojua ufundi na hesabu, wala visitegemee hisani ya wanakamati peke yake. Katika historia hiyo twapata mafunzo manne.

Funzo la kwanza: Kanuni itungwe na wanaohusika

Kwa sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, kijiji cha Bara kina mkutano mkuu wa watu wazima wote, nao hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji ikitaka kutunga sheria ndogo, mathalan ya kuzuia kulima karibu na chanzo cha maji, huipeleka kwanza mbele ya mkutano huo ijadiliwe. Kisha hupelekwa kwenye halmashauri ya wilaya ikubaliwe. Kabla ya hapo haina nguvu, wala mtu hawezi kutozwa faini kwayo. Mjini mambo ni mengine kidogo: Njombe na Makambako kila moja ina halmashauri ya mji, na hiyo ndiyo hutunga sheria ndogo. Mtaa hujadili na kupendekeza.

Faida ya mzunguko huu ni kwamba hapana awezaye kusema, "Mimi sikuulizwa." Tena kuna tofauti ambayo yafaa kila mshika fedha aijue. Mchango waliokubaliana majirani kwa hiari ni ahadi baina yao. Faini ni jambo la sheria. Anayekwenda kumchukulia jirani mbuzi wake au baiskeli yake kwa ajili ya ada, bila ya sheria nyuma yake, amefanya kosa kubwa kuliko la yule asiyelipa.

Funzo la pili: Ada ipatikane kwa hesabu

Vyama vingi hutaja ada kwa kukisia. Mtu mmoja husema, "Tutoe elfu moja," na wengine huitikia. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme nyumba 120 zinatumia bomba moja la mserereko. Gharama za mwaka ni hizi:

Mshahara wa fundi, Sh. 80,000 kwa mwezi: Sh. 960,000.
Koki, viungio na vipuri vingine: Sh. 300,000.
Madaftari, stakabadhi na nauli ya benki: Sh. 60,000.
Akiba ya kubadili bomba kuu: Sh. 480,000.
Jumla: Sh. 1,800,000.

Ukigawa kwa nyumba 120, kila nyumba ni Sh. 15,000 kwa mwaka, yaani Sh. 1,250 kwa mwezi. Lakini tazama: wakilipa nyumba 60 tu, zitapatikana Sh. 900,000, na hizo hazitoshi hata mshahara wa fundi. Basi chama chenye busara huhesabu kwamba nyumba 100 ndizo zitakazolipa kwa wakati, na huweka ada ya Sh. 1,500. Wakilipa wote, ziada ya Sh. 360,000 huingia akiba.

Na hiyo akiba ndiyo ya kwanza kukatwa watu wakitaka ada iwe ndogo, kwa sababu bomba la chini ya ardhi halisemi. Fundi asiyelipwa hupiga kelele mwezi huo huo. Bomba hunyamaza miaka 15, kisha hupasuka siku moja, na siku hiyo ndoo hurudi vichwani mwa wanawake na watoto, njia ile ile ya mtoni waliyoisahau.

Siku ya kulipa pia ni hesabu. Mkulima wa viazi hupata fedha akivuna, na sisi wenye mikarafuu twapata msimu wa kuchuma. Kumdai mtu kila mwezi katika miezi asiyokuwa na senti ni kumfundisha kukwepa. Afadhali atoe ya mwaka mzima siku anayouza.

Funzo la tatu: Hesabu isomwe kwa sauti

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mambo ni matatu, na wala hayahitaji mtu wa chuo kikuu. Kwanza, kila senti iingiayo iandikiwe stakabadhi. Siku hizi vyombo vingi vya maji hupokea malipo kwa simu kupitia namba ya malipo ya Serikali, na hilo limepunguza fedha kupita mikononi mwa watu. Pili, anayepokea fedha asiwe ndiye anayeidhinisha matumizi, na benki itake saini za watu zaidi ya mmoja. Tatu, hesabu isomwe mbele ya mkutano: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na majina ya wanaodaiwa.

Katika majina hayo, ya viongozi yasomwe mwanzo. Hapana kanuni inayodumu ikiwa nyumba ya mwenyekiti inapata maji bila ya kulipa. Watu wataona, hawatasema, na mwezi unaofuata hawatatoa.

Funzo la nne: Asiyelipa ni wa namna mbili

Wako wawezao wasiotaka, na wako watakao wasioweza. Chama kikiwachanganya hudhulumu. Kwa mwenye uwezo, taratibu iwe moja kwa wote: akumbushwe kwa barua, apewe siku maalumu, aitwe mbele ya kamati ajieleze, kisha huduma ikatwe. Kwa bibi kizee asiye na mtoto wa kumsaidia, mkutano wenyewe uamue kumsamehe, uandike, na uihesabu nyumba yake katika gharama za wote. Msamaha ukitolewa gizani na mtu mmoja huitwa upendeleo. Ukitolewa na mkutano, ni wema wa majirani.

Yanayotuhusu sisi

Msomaji asichukue kila neno kama lilivyo. Huko Bara mwenyekiti wa kijiji au mtaa huchaguliwa na wakaazi, na uchaguzi uliopita ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Kwetu shehia ina sheha anayeteuliwa. Sheria za maji na za serikali za mitaa tulizozitaja si za visiwani. Lakini daftari halina Bara wala Visiwani. Njia ya gari ya kupakilia karafuu ikikatika masika, magunia yetu yatakaa shamba, na hapo hapana atakayeuliza sheria ni ya upande gani.

Kabla ya mkutano ujao, twawaomba wanachama wajiulize maswali haya, na wayajibu kwa kalamu:

1. Ada tunayotoza ilipatikana kwa hesabu gani?
2. Ni lini mara ya mwisho hesabu ilisomwa mbele ya wote?
3. Je, viongozi wote wamelipa?
4. Ni nani wamesamehewa, na ni nani aliyeamua?
5. Kikiharibika kitu kikubwa kesho, akiba yetu ni shilingi ngapi?

Mwanachama atakayeona swali moja halina jibu asinung'unike barazani. Na asimame mkutanoni, aombe daftari kwa adabu, na lifunguliwe.