HAKUNA MTU ANAYEFUNGA MVUA

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Kila mwaka mwezi wa tisa unapoingia na mvua ikachelewa, maneno yanaanza sokoni na kisimani: kuna mtu amefunga mvua. Na radi ikipiga nyumba, watu wanatafuta jina. Mara nyingi jina hilo ni la mama mzee, mjane asiye na mtoto wa kumtetea. Wako waliofukuzwa, wako waliopigwa, wako waliouawa. Na tuseme kweli: kati ya wanaonong'ona wamo wanaosali nasi safu moja. Basi Ijumaa hii tufuate maji yenyewe, tuone yanapita wapi.

Katika Suratu Nnur, aya ya 43, Mwenyezi Mungu anatuonyesha kazi yenye utaratibu: mawingu yanasukumwa, yanaunganishwa, yanarundikwa, ndipo mvua inatoka katikati yake. Utaratibu huo unaweza kufuatwa kwa macho na kwa vipimo.

Jua linapiga bahari, ziwa, mto na udongo wenye unyevu, maji yanakuwa mvuke tusiouona. Mama anayepika sombe anaijua kazi hii: akifunua sufuria, mfuniko unadondosha maji. Lakini mti nao unavuta maji kwa mizizi na kuyatoa kwa majani. Asiyeamini achukue mfuko mweupe wa plastiki, aufunge asubuhi kwenye tawi lenye majani mabichi, jua likiwaka. Alasiri atakuta matone ndani yake. Walimu wa madrasa, fanyeni hivyo na watoto, haigharimu hata franka moja.

Upepo unabeba mvuke huo. Sehemu kubwa ya unaoingia Kongo inatoka Bahari ya Hindi, inapita juu ya Tanzania na maziwa. Mwingine unatoka Atlantiki. Ukinyesha, pori letu linayanywa maji hayo na kuyatoa tena hewani, na upepo unayapeleka mbele kwa wengine. Kwa wastani maji hukaa hewani siku kama 9 tu. Hewa ikipanda inapoa. Kule juu baridi inaongezeka kama digrii 6 kwa kila mita 1000. Hapo mvuke unashika vumbi dogo dogo na kuwa matone ya wingu, madogo hata inahitajika karibu milioni moja ili kufanya tone moja la mvua.

Majira nayo yanafuata jua. Mwezi wa sita mpaka wa nane jua liko kaskazini ya ikweta, mkanda wa mvua umelifuata, nasi wa Maniema tuko kiangazi. Linaporudi, mvua inarudi, mwaka mmoja mapema, mwaka mwingine kwa kuchelewa, kwa kadiri ya joto la bahari na nguvu ya upepo. Anayetaka kufunga mvua ya Kasongo ingembidi afunge jua, Bahari ya Hindi, na pori lote mpaka Kisangani. Yule mama mzee hana hata kamba ya kufungia mbuzi.

Na radi? Mawingu makubwa yanapanda zaidi ya kilomita 10, na kule juu kuna barafu, hata kwetu penye joto. Vipande vya barafu vinagongana, umeme unakusanyika, kisha unatafuta njia ya kushuka. Setelaiti zimehesabu radi miaka mingi: milima ya Kivu, upande wa Kabare, inapigwa kuliko mahali pengine pote Afrika. Je, walozi wote wa Afrika wamehamia Kabare? Hapana. Hewa yenye unyevu inagonga milima na kupanda kwa nguvu.

Mtu atauliza: kusema hivi si kumsahau Mungu? Asubuhi moja pale Hudaybiya, baada ya mvua ya usiku, Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba anayesema tumepata mvua kwa fadhila za Allah ni muumini, na anayeinasibisha na nyota amekufuru. Nyota angalau iko mbinguni. Anayeinasibisha na jirani yake asimame wapi?

Mkono wa binadamu upo, ila hatuutafuti pale ulipo. Tarehe 4 Mei 2023, huko Kalehe, mito ilishuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Mlima uliokatwa miti haushiki maji, yanashuka yote kwa mara moja. Na dunia inazidi joto: kila digrii moja inaipa hewa nafasi ya kubeba mvuke zaidi, kama asilimia 7. Tunaokata miti ya makala mtelemkoni na kujenga kando ya mto tunajulikana, wala hatufanyi kazi hiyo usiku.

Mtu mmoja aliingia msikitini Ijumaa, Mtume akihutubu, akalalamika ukame. Mtume akaomba, mvua ikanyesha wiki nzima. Ijumaa iliyofuata akaja mtu kulalamika kwamba nyumba zinabomoka. Hakuuliza nani amefunga, wala nani amefungulia. Aliinua mikono akaomba mvua iende pembeni, kwenye vilima, mabonde na mahali miti inapoota.

Mvua ikichelewa mwaka huu, tutatoka uwanjani kwa swala ya istiskai, wanaume, wanawake na watoto. Na anayesikia jirani ametajwa kwa ulozi, mchana au usiku, aje kwa imamu na wazee wa msikiti kabla vijana hawajakusanyika mlangoni pake.

Wabillahi tawfiq.