Afisa wa Probesheni na Utafiti Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nchini Kenya, mahakama inaweza kumweka mkosaji chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni kwa muda usiopungua miezi 6 na usiozidi miaka 3. Ndicho wengi wanachokiita kifungo cha nje. Afisa huzuru boma la mhusika, huzungumza na wazazi, mwajiri na chifu, kisha huandika aliyoyasikia kwenye faili. Yaliyomo humo yanaweza kumfaa hata afisa wa kaunti nyingine, iwapo yatachunguzwa kwa utaratibu.

Kwa nini afisa, wakati vyuo vikuu vina watafiti?

Mhadhiri ana mbinu, lakini maswali yenye uzito huzaliwa kazini. Afisa ndiye anayeona vijana wa wadi fulani wakiacha kuripoti baada ya miezi michache, na ndiye anayejiuliza kama kinachowazuia ni nauli, kibarua au aibu. Kuanza hakuhitaji fedha nyingi: rejista ya kuripoti, hesabu makini na mahojiano machache. Ila kuna mtego. Wanaofika ofisini ndio rahisi kuhojiwa, ilhali jibu wanalo wasiofika. Ukiwauliza waliofika peke yao, utaambiwa nauli si tatizo, maana aliyeikosa hakuwepo.

Je, aliye chini ya uangalizi anaweza kweli kukataa kuhojiwa?

Hapa ndipo penye ugumu mkubwa, na pasipuuzwe. Anayeuliza ndiye anayeandika ripoti ya kwenda kwa hakimu. Mhusika akisema “sawa, afisa”, huenda ni ridhaa, huenda ni hofu. Fomu yenye sahihi haiondoi hofu hiyo.

Njia iliyo salama zaidi ni afisa kutowahoji watu anaowasimamia yeye mwenyewe. Mwenzake wa kituo kingine, au mwanafunzi wa chuo aliyefunzwa, awahoji, na majina ya waliokubali na waliokataa yasimfikie msimamizi wao. Mhusika aelezwe kwa lugha anayoielewa vizuri, Kiswahili au ya nyumbani, kwamba kukataa hakutamharibia ripoti na kukubali hakutampunguzia muda. Aambiwe pia, kabla ya swali la kwanza, ni mambo gani mhojaji hataweza kuyafanya siri, kwa mfano mpango wa kumdhuru mtu. Kumwambia baadaye, akiwa ameshafungua moyo, ni kumsaliti.

Vibali gani vinahitajika?

Idhini ya idara, kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, na leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inataka matokeo yasichapishwe kwa namna inayomtambulisha mtu. Kufuta majina hakutoshi. Ukiandika “mjane wa watoto watano, aliyepatikana na hatia ya kupika chang’aa” na kuitaja wadi yake, kijiji kizima kimeshamjua.

Afisa asaidiwe vipi?

Kwanza muda. Afisa mwenye ripoti za mahakama za kuandika na safari za mashinani hawezi kutafiti usiku, na kumtaka afanye hivyo ni kumwonea. Nusu siku kila wiki, iliyoandikwa kwenye ratiba na kuheshimiwa na mkuu wa kituo, ina faida kuliko semina ya siku tatu hotelini. Pili, mlezi wa kitaaluma atakayelipunguza swali hadi libebeke, maana “kwa nini watu hurudia makosa” halimalizwi na mtu mmoja.

Na matokeo yakiiumbua ofisi?

Yatokee tu. Tuseme imebainika kwamba siku ya kuripoti inagongana na siku ya soko, ambapo wahusika hupata riziki yao. Mkuu akiichukulia habari hiyo kama shutuma, hakuna afisa mwingine atakayethubutu kuchunguza chochote. Makubaliano yawekwe mapema, kwa maandishi, kwamba matokeo hayatatumika kumpima afisa kazini. Kisha yapelekwe kwenye Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, wanakoketi pamoja mahakimu, waendesha mashtaka, polisi na maafisa wa magereza, kwa sababu mengi yanayomkwamisha mhusika hayamo mikononi mwa probesheni peke yake. Waliohojiwa nao waelezwe kilichopatikana, na ikiwa siku ya kuripoti imebadilishwa, wawe wa kwanza kuambiwa.