SOMO: HABARI NI HABARI, HADITHI NI HADITHI



Katika kikundi chetu cha wanafunzi wa sekondari tunafundisha kusoma gazeti, kuandika habari na kutunga hadithi. Gazeti letu ni karatasi kubwa ya manila inayobandikwa ukutani karibu na bomba la maji.

Siku moja mwanafunzi aliandika juu ya foleni ya mgao. Alianza vizuri: siku, mahali, saa ambayo mlango ulifunguliwa. Kisha akaongeza kwamba mtoto mmoja alizimia kwa jua kali. Karatasi ilibandikwa mchana uleule. Mama mmoja aliyekuwa amemtuma mwanawe kwenye foleni aliisoma, akaacha ndoo yake bombani, akakimbia hadi zahanati. Huko hakumkuta mtoto. Hakuna aliyekuwa amezimia. Kijana alipoulizwa alijibu, "Nilitaka wasomaji wasikie uchungu."

Hatukumfukuza. Kosa lilikuwa letu walimu. Tulifundisha kutunga Jumatatu na kuandika habari Jumanne, bila kuwaonyesha mpaka uko wapi.

Sasa tunaanza na kusoma. Nakala huwa ni moja, kwa hiyo mwalimu husoma habari fupi kwa sauti, mara mbili. Wanafunzi hutafuta: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, namna gani. Halafu huuliza kila sentensi: je, mwandishi aliliona jambo hili mwenyewe, au aliambiwa? Aliambiwa na nani? Neno "inasemekana" hupigiwa mstari. (Hapa kambini neno hilo lina miguu minne.)

Baadaye hutoka kwenda kuuliza watu wawili wasiokaa nyumba moja. Akijibu mmoja tu, habari inangoja. Mtu akiogopa kutajwa, jina lake haliandikwi, hata kama amesema kweli tupu. Wengine wetu tulikimbia makwetu kwa sababu ya majina yaliyoandikwa mahali.

Katika hadithi, mwanafunzi ana ruhusa ya kubuni. Yule kijana aliandika upya: mtoto anazimia, na anayempa maji ni jirani aliyegombana na mama yake. Juu tuliandika HADITHI kwa wino mwekundu. Watu walisimama na ndoo zao wakaisoma, na yule mama naye alikuwepo.

Wazazi wengine wanauliza kazi hii itamsaidia nini mtoto. Kwenye mtihani kuna ufahamu na insha, na yote mawili yanafanyiwa mazoezi hapa. Tena huko Kakuma, nchini Kenya, wakimbizi walianzisha gazeti lao, KANERE, mwaka 2008, likiandikwa na wakimbizi wenyewe.

Tunakutana Jumamosi saa nane mchana. Mabinti wengi wanachelewa kwa ajili ya kuteka maji. Tunaomba siku hiyo kaka zao wabebe ndoo. Kila mmoja aje na penseli, maana za kikundi zimekwisha.