Hifadhi ya Kutembea kwa Miguu: Somo la Udzungwa

Mwambie mwanachuo yeyote akutajie hifadhi tatu za taifa. Serengeti itakuwemo, na Mikumi itakuwemo pia, kwa kuwa basi la Mbeya linapita katikati yake na twiga tunawaona dirishani bure. Udzungwa haitajwi. Ukifika mji wa Mikumi ukashika barabara ya kusini ya Ifakara, Mang'ula, kwenye makao makuu ya hifadhi hiyo, ni kama kilometa 60 tu. Treni ya TAZARA nayo ina kituo hapo.

Kwa nini basi hatuendi? Hela ni sababu, lakini si yote, maana Mtanzania hulipa kiingilio kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje. Sababu nyingine ni picha tuliyonayo kichwani: safari ni gari lililo wazi juu na simba amelala chini ya mgunga. Udzungwa haina picha hiyo. Msitu wake hauna barabara za kuzungukia na gari. Unatembea, pamoja na mwongozaji. Tembo na nyati wamo, ila unaweza kushinda siku nzima ukaona kinyesi chao tu. Anayepima hifadhi kwa wanyama wakubwa ataiona haina kitu. Makala hii inasema kipimo hicho ndicho chenye kasoro, na inapendekeza kingine: tuulize ni nini kilichopo pale ambacho hakipo kwingine kokote duniani.

Mlima kama kisiwa

Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita nchini Kenya ukipita Pare, Usambara, Nguru na Uluguru. Ni milima ya kale sana. Pepo za Bahari ya Hindi huiletea mvua, hivyo misitu yake iliendelea kuwepo hata katika vipindi ambavyo sehemu nyingi za Afrika zilikauka. Nyika ikautenga kila mlima na mwenzake, na viumbe waliobaki juu wakabadilika kivyao, kama walio kisiwani. Ndiyo maana kuna mbega mwekundu wa Iringa, na mangabe wa Sanje, ambaye ukimkosa Udzungwa hutampata mwituni mahali pengine.

Habari ya mangabe huyo inafaa kusomwa na kila anayejiandaa kufanya utafiti. Mwaka 1979 watafiti waliokuwa Sanje walisikia mlio wa nyani wasiyemfahamu. Mwenyeji waliyekuwa naye aliutambua mara moja, kwa sababu wenyeji walikuwa na jina lake tangu zamani. Mwaka 1991 ikawa zamu ya kwale wa Udzungwa: watafiti waliokuwa kambini waliona miguu ya ajabu ya ndege ndani ya sufuria baada ya kula! Ikaja kubainika kuwa ndugu zake wa karibu ni kwale wa misitu ya Asia. Kwa hiyo neno "ugunduzi" lina pande mbili. Sayansi ilipata kitu kipya, na kijiji kilikuwa kimeshakijua, pengine kimeshakipika.

Mlima na taa ya hosteli

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilometa za mraba 1,990. Vijito vinavyoshuka kutoka humo huingia bonde la Kilombero, kwenye mashamba ya miwa na mpunga. Mto Kilombero nao huchangia sehemu kubwa ya maji ya Rufiji, na Rufiji ndio unaojaza Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Yaani sukari ya chai yako na umeme unaosomea desa usiku vina uhusiano na msitu ambao hujawahi kuuona.

Kuni

Sasa tufike penye ugumu. Kwa miaka mingi wanavijiji wa upande wa mashariki waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilisitishwa. Hoja ya uhifadhi ina nguvu: njia ya kuni hufungua njia ya mtego na msumeno, na mti uliokauka ni makazi ya viumbe wengi. Lakini mama wa Mang'ula hapiki ugali kwa hoja ya bayoanuai. Usipookota, unanunua.

Utalii hutajwa kama jibu, na kwa kiasi ni kweli. Mgeni akilala kijijini, akila kwa mama ntilie na kumlipa mwongozaji, msitu uliosimama unaingiza hela. Hata hivyo aliyepata hela ya mgeni huenda si yule aliyepoteza mzigo wa kuni. Hilo ndilo swali ambalo mwanafunzi wa uchumi, sosholojia au sheria anaweza kwenda nalo pale, na ni zito kuliko swali la simba yuko wapi.

Ukitaka kwenda

Nenda na kundi, mgawane gharama ya mwongozaji. Ulizieni TANAPA viwango vya sasa mapema. Malipo ni kwa kontro namba. Juni hadi Oktoba njia huwa kavu. Masika zinateleza vibaya. Njia ya maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa meta 170 hivi, inamalizika ndani ya siku moja. Kilele cha Mwanihana kinahitaji kulala mlimani. Vaa viatu vya kufunika mguu, maana siafu hawajali wewe ni mwaka wa ngapi.

Maswali ya kujadili

1. Ni nani "aliyemgundua" mangabe wa Sanje? Tetea jibu lako.
2. Mtumiaji wa maji na umeme aliye mbali na Udzungwa anadaiwa nini na kijiji kilichozuiwa kuokota kuni?
3. Chukua hifadhi moja isiyojulikana iliyo karibu na kwenu. Andika vitu vitatu vinavyopatikana humo pekee, kisha mtafute mzee wa hapo akwambie majina yake ya kienyeji.