Usikimbilie Jenomu Iliyo Rahisi

Swali la leo limetoka kwa mdogo wetu anayesomea uzamili pale Juja. Amekusanya majani ya kahawa ya huku kwetu: SL28, SL34, Ruiru 11 na Batian. DNA imeshasomwa, mamilioni ya vipande yako kwenye kompyuta, na anataka kujua aina hizi zinatofautiana kiasi gani. Ananiuliza: "Dada, nivipange vipande hivi juu ya jenomu gani? Rafiki yangu anasema nitumie ya robusta, ni ndogo na kazi itaisha haraka."

Mpenzi, hapo usiharakishe. Jenomu ya rejea, yaani ile unayopangia vipande vyako, ndiyo itakayoamua utaona nini na nini kitakupita.

Jenomu ya robusta ilichapishwa mwaka 2014, na ni kazi nzuri. Lakini miti yako ni arabika. Arabika ilizaliwa robusta ilipokutana na Coffea eugenioides, kati ya miaka 350,000 na 610,000 iliyopita, na mpaka leo imebeba urithi wa wazazi wote wawili: kromosomu 44, ilhali kila mzazi ana 22.

Sasa tazama nafasi moja tu. Upande uliotoka kwa robusta una herufi A, ule wa eugenioides una G. Rejea ya robusta ina nafasi moja, kwa hiyo vipande vya pande zote mbili vinarundikana hapo. Programu inahesabu nusu A, nusu G, kisha inaandika kwamba mti huo ni chotara katika nafasi hiyo. Si kweli. SL28 hujichavusha yenyewe, na kila upande umetulia na herufi yake. Dalili utaiona: kila mti, bila kubakisha hata mmoja, ni chotara mahali pale pale, na vipande ni maradufu ya kawaida. Asiyejua ataandika kwamba kahawa ya Ruiru ina tofauti tele za kijenetiki, ilhali arabika inajulikana kwa uchache wa tofauti hizo.

Basi anza na jenomu ya arabika yenyewe. Ile iliyochapishwa mwaka 2024 imefika ngazi ya kromosomu, na pande mbili zimetenganishwa.

Lakini hata hapo fungua macho. Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, na Batian ya mwaka 2010 zilizalishwa pale Ruiru ili zistahimili chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa (CBD) unaowaumiza wakulima wetu, pamoja na kutu ya majani. Sehemu ya kinga hiyo ilitoka kwa Chotara wa Timor, arabika iliyochanganyika na robusta. Vipande vyenye damu hiyo ya robusta vinaachana zaidi na rejea ya arabika. Vingine vitapangwa pasipo pake, vingine vitatupwa. Zile sehemu za kinga unazozitafuta ndizo zinazoweza kukosa data, huku SL28 ikionekana safi kwa sababu tu inafanana na rejea.

Hili si la kahawa peke yake. Mwishoni mwa 2018 watafiti waliochambua DNA ya watu 910 wenye asili ya Afrika walitangaza kwamba wamepata herufi karibu milioni 300 zisizokuwa kwenye jenomu ya rejea ya binadamu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, fanya hivi. Andika swali lako kwanza. Ukilinganisha arabika na arabika, tumia rejea ya arabika. Ukiongeza jamaa zake wa porini, tafuta rejea iliyo mbali sawasawa na makundi yote.

Kisha chukua miti michache ya kila aina uijaribu kabla ya kupanga yote. Angalia ni asilimia ngapi ya vipande imepata mahali. Kama Ruiru 11 iko chini sana ya SL28, usilinganishe utajiri wao wa jeni bado. Rudia hesabu kwa rejea ya pili. Matokeo yakibadilika, msimamizi wako ayajue mapema.

Usiunganishe nafasi za data iliyopangwa juu ya rejea tofauti. Tunza faili ghafi, uzipange upya zote pamoja. Na toleo la rejea liandike kwenye tasnifu kwa jina na namba.

Nakusisitizia kwa sababu utafiti kama huu huongoza uchaguzi wa miche. Mkulima akiupanda mche leo ataishi nao miaka mingi, akiupalilia na kuunyunyizia dawa kwa pesa zake. Kujaribu rejea mbili kutakuchukua muda zaidi kwenye kompyuta. Utoe muda huo, mpenzi. Mkulima anastahili jibu lililopimwa.